Programu za mafaili kwenye Android: chukua ile inayofuta kweli

"Nimefuta video zote, simu bado inaandika memori imejaa." Wasomaji wanaoleta malalamiko haya hawajakosea. Tangu Android 11, picha au video uliyoifuta inaweza kubadilishwa jina tu: linaanza na .trashed- na faili linabaki kwenye folda ileile, limefichwa, kwa siku 30. Video ya GB 2 inaendelea kula GB 2 zako. Kwa hiyo mwonekano na rangi naviacha kando. Ninachopima ni hiki: ukishafuta, nafasi inarudi?

Namba moja ni X-plore, na sioni ya kuishinda. Shikilia kidole kwenye hifadhi ya ndani, fungua ramani ya diski. Folda nzito inajitokeza kwa boksi kubwa. Mara nyingi utaishia Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media. Ingia WhatsApp Video, kisha Sent: humo hurundikana nakala za video ulizowatumia watu, huku zile halisi mara nyingi ziko kwenye folda ya kamera. Halafu ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, tafuta .trashed-, futa yote. Folda ya Databases, iliyo ndani ya folda ya WhatsApp kando ya Media, iendee taratibu: futa zenye tarehe kwenye jina, ile isiyo na tarehe iache, ndiyo nakala mpya ya meseji zako. Kazi hii yote ni bure. Malipo ni ya vikorombwezo.

Ya pili Solid Explorer: safi, unaijaribu siku 14 kisha unalipia.

Files by Google ni ya bure na hodari wa kunasa mafaili yanayojirudia, ila inayapeleka kwenye Tupio kwa siku 30. Usipoingia Tupio na kulimwaga, hujapata kitu. My Files ya Samsung ina pipa la namna hiyohiyo. Total Commander: bure, haina matangazo, sura ya kizamani.

Zile "safisha simu" zinazotoza kila wiki zinaniudhi sana. Tangu Android 6, programu ya kawaida hairuhusiwi kufuta kache (mafaili ya muda) za programu nyingine, kwa hiyo hizo zinaomba ruhusa ya ufikivu (Accessibility) zibonyeze vitufe kwa niaba yako. Ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichopo kwenye skrini, hata salio lako la benki. Na kache yenyewe inajaa tena ukianza kutumia simu! Kama ulishajiunga, kuiondoa programu hakusimamishi makato: fungua Play Store, gusa picha yako, nenda kwenye malipo na usajili, ughairi huko.