Mofini ya Maji: Tathmini ya Muuguzi Anayeitumia

Kwa miaka mingi niliwapimia wagonjwa wa saratani mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, nikiwahimiza wainywe kila baada ya saa 4 bila kusubiri maumivu yarudi. Tangu saratani ya matiti iliposambaa hadi kwenye mifupa yangu, ninainywa mwenyewe. Ni chungu, lakini usiku wa kwanza, kipimo cha kulalia kikiwa maradufu, nililala hadi alfajiri. Kusinzia mchana kulipungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakikuondoka, na hapo nakiri kwamba sikuwasisitizia wagonjwa wangu vya kutosha dawa ya kulainisha choo, ambayo yafaa ianzwe siku ileile. Ndugu wanaozuia mofini kwa kuhofia uraibu wanamwongezea mgonjwa mateso yanayoweza kutulizwa.