Duka la vifungashio Mbuyuni, Moshi: nawapa nyota tano

Wajasiriamali wenzangu wa Moshi mnaopaki unga, karanga, viungo na vinginevyo, kuna duka la vifungashio pale Mbuyuni karibu na soko, mi ni mteja wao tangu mwaka jana na leo nimeona niwasemee maana wamenitoa mbali jamani.

Nasaga unga wa lishe nyumbani. Mwanzo vifuko nilikuwa nachukua duka lingine, sitalitaja, na kila nikiuliza kama vinaruhusiwa naambiwa "havijakatazwa mama, we chukua tu". Nikaamini. Sasa siku nimepeleka pakiti 40 supamaketi moja hapa mjini zikarudi zote, mfuko hauna jina la kiwanda kilichoutengeneza, unga hauna alama ya TBS, lile shirika la viwango, basi. Hakuna aliyenikamata wala kunigombeza, ila kwao mzigo wangu ni kama haupo. Iliniuma sana, na boda nimelipa kwenda na kurudi.

Hapa Mbuyuni dada wa kaunta aliniwekea mifuko miwili mezani. Wa kwanza rambo, ule wa plastiki wenye mikono wa kubebea, akasema huu umepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, ukikutwa nao tu faini inaanzia elfu 30. Wa pili kifungashio kisicho na mkono, akakivuta kwa dole gumba akakiinua kwenye mwanga nikaona chini kabisa vile viandishi vidogo vya jina la kiwanda. "Hiki cha kufungia bidhaa hakijakatazwa mama, ila ukitia nyanya ukampa mteja abebe, umeshakigeuza rambo."

Alafu akaniuliza, na unga wako nani anautambua? Nikakosa jibu. Yani mi miaka yote nilikuwa naangalia tu nisikatazwe, nikadhani ndo nishakubalika, kumbe katazo linakufuata lenyewe hata ukiwa umelala ila kutambuliwa unakwenda mwenyewe, unapeleka sampuli, wanapima, wanakagua unapozalishia ndo unapewa alama. Akanielekeza niende SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, nikachukue barua ya utambulisho ya kupeleka TBS. Muuza mifuko kabisa, na mfuko siku hiyo sijanunua hata mmoja!

Mifuko mbadala, ile ya kubebea badala ya rambo, wanayo ile mizito ya GSM 70 (yani gramu 70 kwa mita ya mraba), ile laini inayochanika kwa kilo mbili za sukari hawaiweki dukani. Bei imezidi kidogo ya kule nilikotoka lakini silalamiki. Kinachonikera ni mashine ya kusili, yani ya kuziba midomo ya vifuko, iko moja tu na Jumamosi foleni inafika nje juani, waongeze ya pili kwa kweli.

Lebo hawaprinti, nenda na zako. Jumapili wanafungua watu wakishatoka ibadani.