Konea ya kuprinti: kwa sasa naipa nyota tatu

Watu wananiuliza sana kama hii kitu ya kuprinti konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ni kweli au ni stori tu za mtandaoni, maana wanajua jicho langu la kushoto lina konea ya marehemu aliyejitolea na haya mambo huwa nayafuatilia. Ni kweli kabisa. Ila tuelewane mapema, bado haiuzwi, huwezi kuingia kliniki ukasema niprintieni moja, kwa hiyo rivyu hii ni ya pale ilipofikia.

Kwenye kasi haina mpinzani. Mwaka 2018 timu ya Chuo Kikuu cha Newcastle kule Uingereza ilichukua seli za konea ya mchangiaji ikazichanganya na kolajeni, ile protini inayoshikilia mwili, na alginati, ile inayotoka kwenye mwani, wakapata wino laini wa kupita kwenye printa lakini mzito wa kutosha kusimama bila kumwagika, basi printa ikazungusha duara ndani ya duara na hazikuisha hata dakika 10 umbo la konea likawa tayari. Tena vipimo walivitoa kwa kuskani jicho la mtu, yaani unapimwa kama unashonewa nguo.

Nyota naanza kukata kwenye uangavu. Konea unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, haina mishipa ya damu, na nyuzi zake za kolajeni zimejipanga kwa ustadi wa ajabu tabaka juu ya tabaka, ndo maana mwanga unapita bila kusumbuliwa. Printa inakupa umbo, lakini kuzipanga nyuzi namna ile bado ni kazi pevu, alafu hizo jeli ni laini sana, daktari akitaka kuzishona zinachanika.

Kilichonipa moyo kwelikweli ni habari ya Oktoba 2025, kampuni ya Precise Bio ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amewekewa konea yao ya kuprinti kwenye hospitali ya Rambam, Haifa, Israeli. Wao wanalenga tabaka la ndani kabisa, zile seli zinazovuta maji nje ya konea isivimbe ikapata ukungu, na ukiwa mtu mzima zikifa hazioti tena. Seli za mchangiaji zinazalishwa maabara kwanza ndo zinaprintiwa, na kampuni inasema konea moja inaweza kutoa vipandikizi kama 300. Jamani 300! Utafiti uliotoka 2016 ulikuta konea inayopatikana ni 1 kwa kila 70 zinazohitajika, na watu milioni 12.7 wako kwenye foleni. Kwangu mimi hapo ndo utamu wote wa hii teknolojia ulipo, kuliko hata hiyo printa yenyewe.

Mchangiaji bado anahitajika lakini, hizo seli za mwanzo hazitoki hewani, kwa hiyo asitokee mtu akasema sasa hakuna haja ya kuchangia macho. Na kama daktari ameshakwambia zamu yako ya konea ya mchangiaji imefika nenda kafanyiwe usisubiri printa, upandikizaji wa konea ulifanikiwa tangu 1905 na madaktari wameuzoea, wakati hii ya Haifa ni jaribio la hatua ya mwanzo, wanaangalia usalama kwanza.

Nyota ya nne naiongeza siku matokeo ya wagonjwa wa jaribio hilo yakitoka na konea zao zikiwa bado angavu. Ya tano naisubirisha mpaka iprintiwe konea nzima, matabaka yote, na ikubali kushonwa.