Saa ya Kuhesabu Hatua: Inasaidia Wapi, Inapungukiwa Wapi

Faida kubwa ya saa hii ya mkononi, kwa maoni yangu, ni kule kunikumbusha kusimama na kutembea kila ninapokaa kwa muda mrefu, kwani matembezi hayo mafupi hunituliza akili kuliko mapumziko ya kutazama simu. Kipimo cha mapigo ya moyo kinaridhisha, ingawa hupotoka mkanda unapolegea. Taarifa za usingizi ni makadirio tu, kwa kuwa saa hukisia kutokana na mwendo na mapigo, wala haipimi ubongo.

Kinachonisikitisha ni lengo la hatua 10,000 kwa siku lililowekwa tangu kiwandani. Lengo hilo lilienea kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani katika miaka ya 1960, si kutokana na utafiti wa kitabibu, na linaweza kumkatisha tamaa anayeanza. Shirika la Afya Duniani hupendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2, ambayo hesabu ya hatua haiyaonyeshi kabisa. Kwa bahati nzuri lengo hubadilishwa kwa urahisi. Anayeanza aliweke chini, kisha aliongeze polepole.