Xiaomi TV Box S kizazi cha pili: RAM ndogo, ruhusa kamili

Maboksi ya TV ya bei nafuu yanauzwa kwa namba. RAM GB 4, hifadhi GB 64, 8K, Android 13, vyote kwa herufi kubwa juu ya katoni. Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili, iliyotoka 2023, ina RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 8 tu. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka Netflix, YouTube na Prime Video zifanye kazi inavyotakiwa, inayaacha mbali maboksi hayo mengine. Kinacholibeba boksi hili ni ruhusa, na ruhusa haisomeki kwenye katoni.

Huduma za filamu hulinda video zake kwa mfumo wa Google uitwao Widevine. Mfumo huu una ngazi. Kwenye L1, video inafunguliwa ndani ya sehemu ya prosesa ambayo programu nyingine haziwezi kuichungulia. Kwenye L3, kazi hiyo inafanywa na programu tupu, na Netflix haiamini programu tupu: inakushusha hadi 480p (picha ya ubora wa chini), hata kama unalipia kifurushi cha 4K. Isitoshe, L1 peke yake haitoshi. Netflix hukagua na kuidhinisha modeli kwa modeli, na boksi ambalo halimo kwenye orodha yake linabaki na picha ya ukungu hata likiwa na prosesa nzuri. Xiaomi hii ina L1, imeidhinishwa na Netflix, na inatumia Google TV halisi yenye Play Store ya TV.

Maboksi mengi yasiyo na jina hayana hata kimoja kati ya hivyo. Ndani yake mna Android ya simu iliyovalishwa sura ya TV. Dalili yake ni rahisi kuiona: rimoti ina kitufe cha kugeuza mishale kuwa kipanya, kwa sababu programu za simu zinatarajia kidole na hazielewi mishale. Namba za katoni nazo mara nyingi ni uongo. Mfumo hubadilishwa kiwandani ili useme kuna GB 64 wakati zipo 8 au 16, na programu za kupima zinasoma uongo huohuo. Kama tayari unalo boksi la namna hiyo, jaribu kunakili faili za GB 20 kutoka kwenye flashi hadi ndani ya boksi, kisha uzifungue. Kama nafasi ni ya uongo, zoezi litakwama njiani au faili zitaharibika.

La kutisha zaidi ni virusi vinavyokuja vimeshawekwa. Januari 2023 mtaalamu wa usalama Daniel Milisic alieleza hadharani jinsi boksi la T95 lenye prosesa ya Allwinner H616 lilivyokuwa na programu hasidi tangu kiwandani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa uitwao BADBOX 2.0, na Julai mwaka huohuo Google ilifungua kesi mahakamani ikisema vifaa hivyo vimepita milioni 10. Boksi la aina hiyo hutumia intaneti yako kupitisha shughuli za watu wengine na kubofya matangazo kimyakimya. Kurejesha mipangilio ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu ugonjwa umo ndani ya mfumo wenyewe. Boksi linalokuja na "chaneli zote bure" tayari zimewekwa, au linalokuelekeza uzime Play Protect (ulinzi wa Google dhidi ya programu hasidi) kabla ya kuanza, liache hapohapo.

Tukirudi kwenye Xiaomi: prosesa yake ina koa (cores, yaani viini vya kuchakatia) nne za Cortex-A55, na chipu ina sehemu maalumu ya kufungua HEVC, VP9 na AV1, ambazo ni namna za kubana video, bila kuvibebesha viini hivyo mzigo mzima. AV1 ndiyo ya kuangalia zaidi unaponunua boksi leo. Ni namna mpya ya kubana video, na kwa picha ya ubora uleule inatumia data kidogo kuliko zilizotangulia. Allwinner H616 haina AV1. Kuhakiki ni rahisi: fungua video ya YouTube, ingia kwenye alama ya gia, washa takwimu za video, kisha soma mstari wa kodeki. Ukiona av01, hiyo ni AV1. vp09 ni VP9. avc1 ni H.264 ya zamani, inayokula data zaidi. Mstari unaohesabu fremu zilizodondoshwa usome pia. Ukibaki karibu na sifuri kwenye 4K, prosesa inamudu. Ukipanda kila sekunde, tatizo ni boksi, usiilaumu intaneti.

Picha za HDR (zenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza) zinakuja kwa Dolby Vision na HDR10+, na sauti ya kuzunguka kwa Dolby Atmos. Kwa boksi la daraja hili hapo hakuna la kulalamikia.

Malalamiko yapo kwingine. GB 8 ni kidogo mno. Mfumo ukishachukua sehemu yake, unabaki na kama GB 4 hivi, na programu za filamu hukua kila zinaposasishwa. Ukiweka programu kumi hivi, onyo la nafasi kujaa litaanza kukusumbua. Kuna USB moja tu, tena ni USB 2.0. Tundu la waya wa mtandao halipo kabisa, na hilo naliona ni kasoro kubwa kuliko ya hifadhi, kwa sababu watu wengi huweka boksi nyuma ya TV, mahali pabaya kuliko pote kwa Wi-Fi.

Jambo moja la kuangalia dukani: unaweza kukutana na Mi Box S ya 2018, na majina yanafanana. Ile ya zamani ina koa za Cortex-A53, haina AV1, na ilitoka na Android TV 8.1. Hakikisha katoni inasema 2nd Gen.

Kuliweka

Anza na tundu la HDMI. Kwa 4K unahitaji tundu lenye HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia kunakili video inayopita kwenye HDMI), na kwenye TV za 4K za miaka ya mwanzo si matundu yote yaliyo nayo. Ukilichomeka kwenye tundu lisilo nayo, menyu itaonekana vizuri lakini filamu itashuka hadi 1080p au itatoa kioo cheusi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya TV yenyewe ufungue njia pana ya tundu hilo: Samsung huiita Input Signal Plus, LG huiita HDMI Deep Colour, Sony huiita Enhanced format. Bila hatua hii boksi linaweza kudhani TV haina HDR. Watu wengi huilaumu picha iliyopauka kumbe TV ndiyo iliyofungwa.

Tumia chaja iliyokuja na boksi. Kwa vijiti vya kutiririsha vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye HDMI, sisitizo hili ni kubwa zaidi: USB 2.0 ya TV imekusudiwa kutoa miliampea 500, na kijiti kinapofungua 4K kinaweza kutaka zaidi ya hapo. Matokeo yake ni kujizima na kujiwasha katikati ya filamu, na mtu anaanza kutafuta kosa kwenye programu.

Ukiwasha, rimoti itakuomba uiunganishe kwa kubonyeza vitufe viwili vinavyoonyeshwa kwenye kioo. Shikilia hadi ujumbe utoke. Fanya usajili kwa simu yenye programu ya Google Home, kwa kuskani msimbo wa QR, maana kuandika nenosiri refu la Wi-Fi kwa mishale ya rimoti ni kazi. Chagua mtandao wa 5 GHz kama rauta ipo chumba hichohicho au cha jirani. Kuta zikiwa nene na rauta mbali, 2.4 GHz inafika zaidi ingawa ni polepole. Kumbuka Bluetooth ya rimoti nayo inatumia 2.4 GHz, kwa hiyo rimoti inayochelewa kuitika mara nyingi inapona boksi likihamishiwa 5 GHz au likisogezwa kutoka nyuma ya bamba la chuma la TV.

Kabla ya kuweka programu yoyote, ingia Mipangilio, Mfumo, Kuhusu, usasishe mfumo hadi uambiwe hakuna kipya. Acha lijiwashe upya. Ndipo uweke programu zako, chache unazozitumia kweli.

Sasa kuna mipangilio miwili ya onyesho ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayotofautisha picha nzuri na picha inayochosha macho. Wa kwanza ni HDR. Ndani ya mipangilio ya juu ya onyesho, chagua HDR ifuate maudhui. Ukiacha ilazimishwe muda wote, vipindi vya kawaida vinageuzwa kuwa HDR kwa nguvu: nyuso zinakuwa na rangi isiyo yake na weusi unakuwa kijivu. Wa pili ni kulinganisha kasi ya fremu. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na TV ikiwa kwenye 60 Hz, fremu moja inakaa mara mbili na inayofuata mara tatu. Angalia kamera inapopita polepole mbele ya uzio au safu ya majengo. Nguzo zitatembea kwa kurukaruka badala ya kuteleza. Washa ulinganisho huo na TV itahamia kasi ya filamu. Zipo TV zinazotoa kioo cheusi kwa sekunde moja au mbili wakati wa kuhama. Hiyo ni kawaida.

Washa pia HDMI-CEC kwenye TV ili rimoti moja iendeshe sauti na kuzima vyote viwili. Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync.

Kuhusu data, usiache huduma ijiamulie. Netflix kwenye ubora wa chini inakula takriban GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, wa juu hadi GB 3 kwa HD na hadi GB 7 kwa 4K. Mpangilio wa kuchagua ubora haumo kwenye boksi. Unaubadilisha kwa kuingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, na kila wasifu una wake. Kwa kasi, Netflix inapendekeza Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K, kwa hiyo laini ya Mbps 10 iliyo tulivu inatosha kabisa kwa TV ya 1080p.

Yanayoharibika na tiba yake

Menyu ikianza kuburuta, sababu kubwa ni hifadhi iliyojaa. Futa programu usizotumia, kisha futa akiba (cache) ya YouTube na Netflix. Kama bado, washa hali ya programu pekee kwenye mipangilio ya akaunti. Inaondoa mapendekezo mengi ya ukurasa wa mwanzo, na kwa RAM ya GB 2 nafuu yake unaiona siku hiyohiyo. Hadi sasa sijaona haja ya programu za "kusafisha RAM". Zinaua programu ambazo mfumo unaziwasha tena, na zinaongeza mzigo.

Unaweza kuongeza hifadhi kwa flashi ya USB iliyofomatiwa kama hifadhi ya kifaa. Chagua flashi yenye kasi au SSD ndogo, kwa sababu flashi dhaifu itafanya programu zikwame kila unapozifungua. Ukishaiweka usiichomoe, programu zilizohamia huko zitatoweka. Kwa flashi ya kubeba filamu tu, fomati ya FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Tumia exFAT.

Kwa waya wa mtandao, adapta ya USB yenye chipu ya Realtek RTL8153 au ASIX AX88179 ni chaguo la kawaida. USB 2.0 haitakupa gigabiti kamili, lakini kwa kutiririsha inatosha na kubaki. Ukitaka adapta na diski kwa pamoja, tafuta habu yenye umeme wake, kwani tundu moja la boksi haliwezi kulisha vyote.

YouTube ikikataa kufunguka na kusema hakuna mtandao wakati Wi-Fi ipo, angalia tarehe na saa. Vyeti vya usalama vinakataliwa saa ikiwa imepotea. Rudisha saa ya kujirekebisha yenyewe.

Picha ikianza kuganda baada ya nusu saa wakati mwanzoni ilikuwa safi, gusa boksi. Likiwa la moto sana, limebanwa au limekalia king'amuzi kinachotoa joto. Liachie nafasi ya vidole vitatu kila upande.

Mwenye TV ya zamani yenye matundu ya AV tu atahitaji kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda AV chenye umeme wake, na aweke boksi litoe 720p. Hata hivyo, huduma zinazodai HDCP zinaweza kukataa kuonyesha picha kupitia kigeuzi. YouTube haileti shida hiyo mara nyingi.

Kama unatiririsha faili kubwa za 4K kutoka kwenye kompyuta yako kwa Jellyfin au Kodi (programu za kuchezesha filamu zako mwenyewe), Xiaomi hii si chaguo langu la kwanza kwa sababu ya kukosa tundu la waya. Google TV Streamer ya 2024 inalo, pamoja na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 32, ila iko daraja la juu zaidi la bei. Kizazi cha tatu cha Xiaomi TV Box S, cha 2025, kimepanda hadi hifadhi ya GB 32 na Wi-Fi 6, RAM imebaki GB 2. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua hicho.