Cinque Terre siku moja na kampuni ya watalii, mimi na bimkubwa

Tangu niweke zile picha za nyumba za rangi rangi status, watu wa Kigoma, Mwanga na Ujiji, hamnipi pumzi, kila mtu anauliza bei ya ile safari ya Italia, kwahiyo naandika mara moja kwa wote. Jibu fupi ni hili: kama una miguu mizima na unaweza kusoma ubao wa treni, usilipe kampuni. Kama unaenda na mzazi, au ndo mara yako ya kwanza kutoka nje, lipa tu, ila soma tangazo mpaka zile herufi ndogo za chini. Mimi nawapa nyota tatu kwa tano, na mbili kati ya hizo ni za yule dada aliyetuongoza, kampuni yenyewe wachukue moja.

Tulikuwa Florence, mji wa huko huko Italia, kwa mdogo wangu aliyeolewa huko. Nilikuwa na bimkubwa, yani mama yangu mzazi, ambae wengi mnamjua kwa biashara yake ya dagaa pale Kibirizi, ameuza dagaa tangu mimi sijazaliwa, na hilo mtaona mbele lilivyotuokolea siku. Bei ilikuwa kama yuro mia na ishirini kwa kichwa, piga hesabu ni laki tatu na nusu hivi za kwetu, na humo kuna basi, treni za kijijini, boti, muongozaji, na kuonjeshwa mvinyo. Chakula cha mchana unajilipia.

Kwa asiyejua, Cinque Terre ni vijiji vitano vilivyojibandika kwenye majabali ya pwani ya Liguria, kaskazini magharibi mwa Italia: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. UNESCO waliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1997 na mwaka 1999 eneo likawa hifadhi ya taifa, yani hifadhi kama Gombe ila badala ya sokwe unakuta watu wameanika nguo madirishani. Wakazi wa vijiji vyote ukiwajumlisha hawafiki elfu tano, wageni kwa mwaka wanahesabiwa kwa mamilioni. Hiyo namba ishikeni, ndo inaeleza karibu kila kero nitakayoisema.

Basi linaondoka asubuhi na mapema karibu na stesheni kuu ya Florence, mwendo wa masaa mawili na ushee mpaka mji wa La Spezia. Basi zuri, halina la kulalamikia. Kundi ndo lilikuwa kubwa, basi zima limejaa, na kila mtu anapewa kidude cha kusikilizia cha kuning'iniza shingoni, dada anaongea kwa kipaza chake hata akiwa amekata kona unamsikia. Bimkubwa Kiingereza hajui lakini alikivaa siku nzima, nikimwambia mama vua ntakutafsiria anasema kimelipiwa.

La Spezia unashuka kwenye basi unapanda treni kwa sababu gari kule vijijini hazipenyi, mitaa yenyewe ni ngazi na vichochoro. Treni inapita kwenye mahandaki karibu njia nzima, giza, giza, alafu ghafla bahari dakika mbili, alafu giza tena. Dada akatuambia reli ile ilifika huko miaka ya 1870, kabla ya hapo ukitaka kutoka unapanda boti au unakwea mlima na punda. Wazungu walioko nyuma yangu wakashangaa sana, mimi nikawa nawaza watu wa vijiji vya Mwamgongo na Kagunga, kwetu ziwa Tanganyika, ambao miaka na miaka barabara yao ni ziwa, ukikosa boti ya Kibirizi umelala. Sikuona cha kushangaa hapo.

Tulianzia Manarola. Hapa ndo ile picha mnayoiona kila mahali inapopigwa, unazunguka kwa pembeni juu ya maji unageuka nyuma, nyumba zote ziko mbele yako, nyekundu, njano, waridi, ya machungwa iliyopauka. Ni kweli kunapendeza, sio kamera. Na kuna boti zimeegeshwa barabarani mbele ya milango ya watu maana bandari ni ndogo na bahari ikichafuka kila chombo kinapandishwa juu. Lakini kitu kikubwa pale sio nyumba, geuza shingo uangalie mlimani. Mlima wote umekatwa matuta ya ngazi, na kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe uliopangwa kwa mkono bila saruji hata kijiko, mambo ya karne na karne, ili wapate pa kupanda zabibu. Ukiziunga kuta zote hizo unapata maelfu ya kilomita. Zabibu zenyewe wanazishusha kwa kireli chembamba cha mashine kinachopanda mlima wima, kukipanda tu mtu mwoga asithubutu.

Sasa dada akaanza kueleza kwamba vijana wengi waliacha kulima, ukuta usipotunzwa unabomoka, na ukuta ukibomoka mlima unashuka na mvua. Hapo ndo nilimpenda, maana hakuwa anauza picha tu. Tulipofika Vernazza akatuonyesha kwamba tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko ya tope na mawe, barabara kuu ya kijiji ikafukiwa mpaka usawa wa ghorofa ya kwanza, watu wakafa, na Monterosso nako kukapigwa siku hiyo hiyo. Leo ukipita huoni alama, maduka ya aiskrimu yamejaa. Bimkubwa nilipomtafsiria akaniuliza serikali iliwalipa? Sikuwa na jibu, nikamuuliza dada, akacheka kidogo akasema walisaidiwa lakini wenyewe walichimba sana kwa koleo. Bimkubwa akaguna ile guno yake mnayoijua.

Vernazza kwangu ndo kizuri kuliko vyote. Kina bandari ya asili, kanisa la Santa Margherita limekaa pembeni kabisa mwa maji, juu kuna mnara wa ngome waliokuwa wanachungulia maharamia. Na hapa ndo kampuni iliniudhi, tulipewa dakika chache mno. Foleni ya choo peke yake ilikula robo ya muda (choo cha kulipia hicho, kaeni na chenji). Unafika, unasikiliza maelezo, unapiga picha, bendera inapandishwa juu twende. Watu wazima tunakimbizwa kama wanafunzi wa ziara.

Alafu Corniglia. Tangazo linasema vijiji vitano, kwa herufi kubwa kabisa. Corniglia tumeiona kwenye dirisha la treni. Kile kijiji kiko juu mlimani kama mita mia kutoka baharini, kutoka stesheni kuna ngazi karibu 380, na boti hazitii nanga kwa sababu hakuna bandari, kwahiyo makampuni mengi yanakiruka na herufi ndogo zinasema "kutegemea muda". Kwa magoti ya bimkubwa ilikuwa heri, ila mtu aliyelipia vitano ana haki ya kunung'unika, na kuna baba mmoja kwenye kundi alinung'unika mpaka jioni.

Monterosso ndo tulikokaa muda mrefu, lisaa na nusu hivi, ni kijiji kikubwa kidogo, kina ufukwe wa mchanga wa maana, vingine vyote ni mawe. Kuna na sanamu kubwa la Neptune, mungu wa bahari wa Warumi wa kale, limejengwa kwenye mwamba mwaka 1910, vita na dhoruba vimelikata mikono. Wengi wakakimbilia kuogelea. Sisi tukaenda kwenye dagaa.

Wadau, kule wana dagaa wao wa baharini wanaitwa acciughe na Monterosso ndo inajulikana kwa hao. Ni wakubwa kuliko wa kwetu, urefu wa kidole hivi. Hawawaaniki juani, wanawatoa vichwa na matumbo wanawapanga tabaka kwa tabaka na chumvi kwenye chombo, juu wanawakandamiza na uzito, wanakaa wiki kadhaa, alafu wanaliwa na mafuta ya zeituni na limao. Wengine wanawajaza viungo wanawakaanga. Bimkubwa akasimama mbele ya duka akaomba aonjeshwe. Akatafuna taratibu, macho kayafumba, duka zima linamsubiri yeye. Akasema: "Hawa ni wazuri, ila chumvi imewatawala. Muulize wanavua saa ngapi."

Nikamuuliza mwenye duka kupitia dada. Usiku, kwa taa! Zamani na mpaka leo, taa juu ya boti dagaa wanakusanyika chini yake, nyavu inazungushwa. Bimkubwa akapiga makofi kabisa. Akaanza kumweleza yule mzee wa Kiitaliano habari za karabai, jinsi ziwa linavyowaka usiku ukisimama Katonga utadhani kuna mji mwingine kule majini, na jinsi mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanalala. Mimi natafsiri kwa Kiingereza, dada anatafsiri kwa Kiitaliano, mzee anaitikia kwa mikono, na kuhusu mwezi akakubali kabisa kabla hata tafsiri haijaisha, sijui alielewaje. Tukapewa sahani ya pili ya bure. Hicho kitu hakimo kwenye ratiba ya kampuni yoyote, na yule dada aliacha kula chakula chake kwa ajili yetu. Nyota zake mbili ni hapo.

Chakula kingine: pasta yenye pesto, ambayo ni mrehani uliotwangwa na kitunguu swaumu, jibini, mafuta ya zeituni na mbegu za msonobari, asili yake ni huko huko Liguria. Mimi niliipenda, bimkubwa akasema ni mlenda haujaiva, akatoa pilipili yake kwenye pochi. Kwa mwenye hela ndogo kuna mkate bapa wa mafuta wanaita focaccia, na kuna chapati moja ya unga wa dengu inaitwa farinata, hiyo tuliinunua mara mbili. Mkikaa mezani angalieni risiti, kuna hela ya kukalia kiti inaongezwa kwa kila mtu, wanaita coperto, sio wizi, imeandikwa kwenye menyu.

Mvinyo: wana wao mtamu unaitwa Sciacchetrà, zabibu zinakaushwa kwanza ndo zinakamuliwa. Waliosifia walisifia sana. Sisi hatunywi, tukapewa maji, na hela haikupungua. Waislamu wenzangu mnaokwenda, andikeni mapema muulize kampuni kama wana bei bila hiyo. Nyama ya nguruwe kukwepa ni rahisi kwasababu chakula cha pale ni samaki na mboga kwa kiasi kikubwa, ila uliza kabla hujauma.

Baada ya hapo boti mpaka Riomaggiore. Kama mna hela ya kitu kimoja tu kule, wekeni kwenye boti, maana ukiwa ndani ya kijiji unaona ukuta wa jirani na migongo ya watalii, ukiwa majini ndo unaona kijiji chote kimening'inia. Dada anasema watu husimulia kwamba rangi zile zilipakwa ili mvuvi akiwa mbali ajue nyumba yake, mwenyewe akaongeza kwamba ni hadithi tamu ya kuwaambia wageni. Kulikuwa na mawimbi kidogo, nusu ya kundi wamegeuka rangi wameshika mifuko, bimkubwa amekaa mbele anakula farinata. Mtu aliyekwisha kupigwa na mawimbi ya Tanganyika usiku na mzigo wa dagaa hatishwi na kile. Ila jueni bahari ikichafuka sana boti zinasimamishwa, na majira ya baridi hazipo, mnarudishwa na treni.

Riomaggiore tulipita tu, tumechoka. Kuna njia ya miguu ya kwenda Manarola inaitwa Via dell'Amore, imechongwa kwenye jabali, mawe yaliangukia watu mwaka 2012 ikafungwa, imefunguliwa tena 2024. Ina tiketi yake ya pembeni na muda wa kuingia, tripu yetu haikuwa nayo. Jukwaa la treni jioni ile jamani, watu kama mkutano wa kampeni, treni inakuja imejaa. Shika mkono wa mzazi wako.

Sasa kwa anaetaka kwenda mwenyewe. Panda treni mpaka La Spezia, lala hapo usiku mmoja, hoteli ni nafuu kuliko vijijini. Kuna kadi ya siku inaitwa Cinque Terre Treno Card, unapanda na kushuka vijiji vyote mpaka uchoke na njia za miguu za kulipia zimo (ukiacha ile Via dell'Amore yenye tiketi yake), bei inapanda na kushuka kwa msimu ila hata ikipanda haifiki karibu na tulicholipa sisi. Anza asubuhi sana kabla mabasi ya Florence hayajafika, saa tano wanakuwa wamejaa. Epuka Agosti. Njia za mlimani usiende na ndala, kuna faini. Maji usinunue, mabomba ya kunywa yapo kila kijiji.

Na viza wapendwa, hiyo ndo ya kuanza nayo kabla ya tiketi yoyote. Ni ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, maombi yanafanyikia Dar, ada kwa mtu mzima ni yuro 90 na ukinyimwa hairudi, alafu wanataka bima ya safari ya kuanzia yuro 30,000. Tripu ya vijijini lipeni mkiwa na viza mkononi, na chagueni zile zinazoruhusu kughairi siku moja kabla.