Kitabu cha Logi Kisicho na Mwaka: Tathmini ya Duka la Vitabu Vikuukuu

Nimekwisha kununua vitabu vitatu katika duka moja la mtandaoni linalouza vitabu vikuukuu, na kilichonisukuma kuandika tathmini hii ni kile cha mwisho, kitabu cha majedwali ya logi, yaani namba zilizotumiwa kurahisisha kuzidisha na kugawanya, ambacho hakijulikani mwaka wala mchapishaji wake, kwa kuwa ukurasa wa jina ulinyofoka zamani.

Muuzaji alikieleza kwa uaminifu mkubwa. Alisema wazi kwamba jalada limelegea, kisha akaweka picha za herufi ndogo zinazoonekana chini ya ukurasa kila baada ya kurasa 16, zikiruka J, V na W. Herufi hizo zilimwongoza mjalidi kupanga mafungu ya karatasi, na wapiga chapa wa zamani walizihesabu kwa alfabeti ya Kilatini yenye herufi 23. Karatasi zenyewe zimegeuka hudhurungi na hukatika zikikunjwa, kama ilivyo kwa nyingi zilizotengenezwa kwa mbao tangu katikati ya karne ya 19, ambazo huliwa polepole na asidi iliyomo ndani yake.

Lililonigusa zaidi, hata hivyo, halikuwamo katika maelezo yake. Kurasa za mwanzo ni safi, ilhali zile za majedwali ya pembe zimechakaa kwenye kona na kuingia weusi wa vidole, na katika mstari mmoja mtu amekata tarakimu ya 3 kwa wino akaandika 8. Niliihakiki kwa kikokotoo nikakuta kuwa kitabu ndicho kilichokosea. Bila shaka aliyekimiliki alipima pembe kila siku, pengine mpima ardhi au nahodha, kabla ya vikokotoo vya kisayansi vya mfukoni kuingia sokoni mwaka 1972.

Kasoro ni moja, nayo si ndogo. Lebo ya duka ilibandikwa juu ya muhuri wa maktaba, na nilipoibandua iling'oka na utando wa karatasi wenye nusu ya jina, yaani alama pekee ambayo ingenionyesha kitabu kilitoka wapi. Nilimwandikia muuzaji nikamshauri achomeke kipande cha karatasi kati ya kurasa badala ya kutumia gundi. Amekubali, na kitabu cha nne nimekwisha kukiagiza.